Saa nane usiku, muuguzi asome nini? Faili la mtoto wa tiba shufaa likihamia kwenye kompyuta

Swali

Assalamu alaykum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya Pemba. Tumeambiwa faili za karatasi zinaondoka, tutaandika kwenye kompyuta na vishikwambi, na kila wodi itoe maoni juu ya ukurasa wa uuguzi. Sisi huwa tunao watoto wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, ambao maradhi yao hayatarajiwi kwisha: wa saratani waliorudi kutoka Dar es Salaam, wenye mtindio wa ubongo, wa moyo, wa seli mundu wanaolazwa kila mara. Mfano wa ukurasa tuliooneshwa una visanduku vingi vya kutia vema, na vingi ni vya lazima, lakini sikuona pahala pa kuandika mtoto alilalaje wala mama yake kasema nini. Wenzangu wamegawika. Wengine wanasema tuukatae, wengine tuupokee kama ulivyo. Tudai kitu gani hasa? Na daftari letu la makabidhiano ya zamu tuliache?

Jibu

Wa alaykumu s-salaam, marahaba binti yangu.

Msiukatae, na msiupokee kama ulivyo. Karatasi haikuwa nzuri kiasi hicho tunachoisifia sasa kwa kuwa inaondoka. Mtoto akilazwa mara ya sita, faili za mara tano za mwanzo hazionekani. Chati ya dawa imelowa chai, mwandiko hausomeki, na muuguzi wa asubuhi anamuuliza mama yale yale aliyoulizwa jana, juzi na mwaka jana. Kompyuta inaweza kuyaondoa hayo. Lakini ukurasa uliotengenezwa na mtu asiyewahi kushika zamu utakuleteeni taabu mpya, na mtakapokwisha kuuzoea hakuna atakayekuja kuubadilisha. Wakati wa kusema ni huu.

Kila kisanduku kiulizeni: nani atakisoma, na akishakisoma atafanya nini? Kama jibu ni kwamba kinahitajika kwa ripoti, basi kiende kwenye ukurasa wa ripoti. Ukurasa wa uuguzi ni wa yule anayekuja baada yako. Mimi naupima kwa saa nane usiku: muuguzi ameazimwa kutoka wodi nyengine, mtoto hajawahi kumuona, na mtoto analia. Ana dakika moja ya kusoma kabla ya kufika kitandani. Apate nini kwenye dakika hiyo? Mkilijibu hilo kwa watoto watatu au wanne mnaowajua, nusu ya ukurasa wenu mmeshaupanga.

Jambo la kwanza la kudai ni kwamba faili lisifunguliwe mtoto anapolazwa na kufungwa anaporuhusiwa. Programu nyingi za hospitali zimejengwa hivyo, kwa sababu zimejengwa kwa ajili ya malipo na hesabu ya vitanda. Kwa mtoto mwenye nimonia inatosha. Kwa mtoto wa tiba shufaa haitoshi hata kidogo, maana tiba shufaa kwa mtoto si siku zake za mwisho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unaelekeza ianze tangu maradhi makubwa yanapogunduliwa, iende sambamba na dawa za kutibu, na izunguke familia nzima. Mtoto wa mtindio wa ubongo anaweza kuwa mikononi mwenu miaka kumi. Akilazwa mara nane mkawa na faili nane, hamna faili hata moja. Dai namba moja kwa mtoto mmoja, na ukurasa wa tiba shufaa unaobaki wazi awe wodini, kliniki au nyumbani.

Na kwa kuwa tuko Pemba, namba peke yake haitatosha kumpata. Mama amekuja usiku bila kadi, na akina Khamis Ali Khamis wako wangapi katika wilaya moja? Utafutaji uweze kupita kwa jina la mama, shehia, namba ya simu na jina ambalo mtoto anaitwa nyumbani. Waambieni mafundi wajaribu mbele yenu kuwatafuta watoto wawili wenye majina matatu yanayofanana. Mtoto wa pili akifunguka badala ya wa kwanza, na hakuna kitu kwenye kioo kinachomshtua muuguzi, programu hiyo haijawa tayari kubeba morfini, dawa kali ya maumivu.

Nije kwenye maumivu, ambayo ndiyo roho ya ukurasa wenyewe.

Kisanduku mlichooneshwa nadhani kimeandikwa "maumivu: ndiyo / hapana", au kina nafasi ya namba 0 hadi 10 bila kusema imepatikanaje. Vyote viwili havifai. Mtoto wa miaka minane na zaidi unaweza kumuuliza akupe namba. Wa miaka minne au mitano anaweza kukuonesha uso kwenye kadi ya nyuso sita, ile iliyorekebishwa mwaka 2001, isiyo na uso wa kucheka wala wa machozi, ili mtoto asichanganye kuumwa na kuhuzunika. Mdogo zaidi, au asiyeweza kusema, unampima kwa kumtazama. Kipimo cha FLACC kilichotoka Marekani mwaka 1997 kinaangalia mambo matano, yaani uso, miguu, utulivu wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka, kila moja 0 hadi 2, jumla 10. Kwa hiyo programu lazima ihifadhi namba pamoja na kipimo kilichotumika. Mtoto aliyepimwa asubuhi kwa nyuso na jioni kwa FLACC akatoka 4 kisha 6, hujui kama maumivu yamepanda au kipimo ndicho kilichobadilika.

Watoto wa mtindio wa ubongo wanahitaji kitu zaidi. Wapo wanaocheka wanapoumwa. Wapo wanaonyamaza kimya, wakakakamaa, na mgeni akadhani wametulia. FLACC ilirekebishwa baadaye, ikachapishwa mwaka 2006, ikiwa na nafasi ya mzazi kuongeza dalili za mwanawe mwenyewe. Hiyo nafasi ndiyo muidai kwa nguvu, na iwe juu kabisa ya ukurasa: "Mama anasema: akiumwa hujivuta sikio la kushoto na hataki kushikwa mguu." Mstari mmoja kama huo una manufaa kwa muuguzi wa usiku kuliko visanduku ishirini. Uandikwe mara moja, mama aulizwe tena kila baada ya miezi michache, na usifutike mtoto anaporuhusiwa.

Halafu sifuri. Kisanduku cha maumivu kisianze na 0 iliyokwisha kujazwa. Kisichopimwa kibaki kitupu, na kitupu kionekane kitupu, kwa rangi kama inawezekana. Mtoto aliyelala pia asiandikiwe 0. Paandikwe kuwa amelala. Usingizi wa mtoto aliyechoka kulia si ushahidi kwamba haumwi. Daktari akitazama mchoro wa wiki nzima akaona mstari wa sifuri, atapunguza dawa, na sifuri zile zilikuwa za kompyuta, hazikuwa za mtoto.

Kupima mara moja ni nusu ya kazi. Ukishatoa dawa, rudi upime. Morfini ya kunywa itazamwe baada ya saa moja hivi, ya mshipani mapema zaidi, dakika kumi na tano hadi thelathini. Hapo ndipo kompyuta inapoishinda karatasi waziwazi: muuguzi akiandika 7 na dozi aliyotoa, programu imkumbushe baada ya muda huo, na isinyamaze mpaka namba ya pili iingie. Baada ya siku tatu mtakuwa na mchoro wa maumivu juu na dozi chini yake. Mtaona wenyewe kwamba maumivu yanapanda kila siku karibu na alfajiri, na kwamba dozi ya usiku ndiyo inayochelewa. Daftari linaweza kuyabeba hayo yote, lakini halikuoneshi.

Sasa dawa yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012, ambao Shirika lenyewe liliuondoa mwaka 2019, uliwaondolea watoto ngazi ya kati ya dawa za maumivu, iliyokuwa na kodeini, ukaacha hatua mbili: parasetamoli au ibuprofeni, na maumivu yakiwa makali, morfini. Kwa hiyo wauguzi wa watoto mtakutana na morfini ya maji mara nyingi kuliko mlivyofundishwa chuoni. Hatari yake kubwa kwenye maandishi ni miligramu kuchanganywa na mililita.

Chukua mtoto wa kilo 12, daktari ameandika miligramu 0.2 kwa kila kilo, yaani miligramu 2.4 kila baada ya saa nne. Chupa yenu ina miligramu 5 katika mililita 5, kwa hiyo unavuta mililita 2.4. Mtoto huyo huyo karudi na chupa aliyopewa hospitali nyengine, yenye miligramu 50 katika mililita 5. Hapo kipimo chake ni mililita 0.24. Muuguzi aliyezoea 2.4 akivuta 2.4, amempa mtoto mara kumi. Hesabu hii naitoa kuonesha hatari, haimpi mtu dozi. Uganda, ambako morfini ya maji ilianza kutumika kwa wingi kupitia Hospice Africa iliyoanzishwa mwaka 1993, maji hayo hutiwa rangi tofauti kwa nguvu tofauti. Kompyuta haioni rangi, basi ilazimishwe kuuliza: nguvu ya chupa iliyo mkononi mwako sasa ni ngapi? Ikishajibiwa, yenyewe ioneshe miligramu na mililita bega kwa bega, kwa herufi kubwa.

Hapo pahala ndipo nakubali kisanduku cha lazima. Kwengine sivipendi vinyota vyekundu. Muuguzi aliyechoka akizuiwa kuendelea mpaka ajaze, atajaza chochote, na uongo ulioandikwa kwa kompyuta unasomeka vizuri sana. Lakini morfini isitoke bila uzito wa mtoto na tarehe aliyopimwa. Mtoto wa saratani anakonda. Kilo 15 za miezi mitatu iliyopita huenda leo ni 11. Programu iuulize upya uzito ukipitisha muda mtakaokubaliana na daktari wenu. Ikatae pia namba inayoanza na nukta tupu, na isiongeze nukta na sifuri nyuma ya namba nzima: 0.5 iandikwe 0.5, na 5 ibaki 5. Nukta haionekani kwenye kioo chenye alama za vidole, na 5.0 husomwa 50.

Dozi za ziada, zile zinazotolewa maumivu yakichomoza kabla ya saa, zijumlishwe na mashine yenyewe kila saa ishirini na nne. Daktari anahitaji jumla hiyo ili kupandisha dozi ya kawaida, na ndiyo hesabu ambayo huwa haifanyiki asubuhi ya zamu yenye pilika. Na kila morfini ikiandikwa, swali la choo lije nalo, maana morfini hufunga choo. Lisiwe "anapata choo: ndiyo / hapana." Liwe tarehe ya choo cha mwisho. Mtoto akiwa na siku nne hajapata choo, huenda kilio chake cha usiku kinatoka tumboni, na kumuongezea morfini kutamzidishia.

Kitabu cha morfini chenye saini mbili msikifunge kwa sababu kompyuta imekuja. Hicho kina utaratibu wake, na mpaka mfamasia wenu aseme kwa maandishi, kiendelee.

Umenigusa uliposema hakuna pahala pa kuandika mama kasema nini. Wanaojenga mifumo hii wana sababu zao. Tangu miaka ya sabini wauguzi duniani wamekuwa wakitafuta lugha ya pamoja ya kuandika kazi yao, ili tatizo likiandikwa Wete lihesabike sawa na lililoandikwa London. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lina orodha yake iitwayo ICNP, na mwaka 2009 lilitoa sehemu mahususi ya tiba shufaa na kufa kwa heshima. Sizidharau orodha hizo. Bila ya istilahi za pamoja, huwezi kumwambia mkubwa wako kwamba watoto wangapi mwaka huu walikuwa na kichefuchefu kisichotulia, na usipoweza kumwambia, dawa haiagizwi. Lakini istilahi inabeba kilichokwisha kujulikana. Mtoto anayekataa kulala kwa sababu mwenzake wa kitanda cha pili alifariki usiku, istilahi yake itakuwa "wasiwasi" au "kukosa usingizi", na muuguzi atakayesoma hivyo atamzimia taa ili alale. Akisoma maneno ya mtoto mwenyewe, atamuwashia.

Basi daini nafasi ya maandishi huru, si ndefu, mistari mitano au sita kila zamu, na iandikwe Kiswahili, kwa maneno ya mtoto na mama kama yalivyotamkwa. Najua tumezoea kuandika faili kwa Kiingereza, na ndiyo maana faili zetu zimejaa yale maneno mawili ya kusema mgonjwa yuko shwari. Yanaandikwa kwa mtoto anayecheza na kwa mtoto anayekata roho. Anayetaka kuandika Kiingereza chenye maana aandike, lakini asilazimishwe kutafsiri kilio. Na waambieni mafundi waizuie nafasi hiyo isinakiliwe. Kitufe cha kuleta maandishi ya jana kinaokoa dakika mbili, kisha kwa siku tisa mfululizo mtoto "amekunywa uji nusu kikombe", hata siku aliyokuwa hamezi kitu.

Ukurasa wa familia ndio utakaokuwa mgumu zaidi kuupata, kwa sababu wageni hawajui cha kuuliza na sisi tunaona haya kukiandika. Nani anayemuuguza hasa? Huku kwetu mara nyingi ni bibi, mama ana mchanga mwengine. Nani anayetoa idhini, na anapatikanaje? Baba yuko dago, kambi ya wavuvi, simu haishiki mpaka warudi pwani. Mtoto mwenyewe anajua nini juu ya maradhi yake, na nani kasema asiambiwe? Hilo muuguzi wa zamu anatakiwa alijue kabla mtoto wa miaka kumi hajamuuliza usiku, "Sista, mimi nitapona?" Asipojua, atajibu kwa kubahatisha, na jibu lake litapishana na la mwenzake wa mchana.

Pia dawa za nje. Kombe (aya zilizoandikwa zikaoshwa na kunywewa), hirizi, asali na habbasoda, dawa za miti: ziandikwe zote, bila lugha ya kulaumu. Akina mama wanasoma kwenye vioo vyetu, msidhani hawaoni. Akiona umeandika kwamba anatumia "ushirikina", hatakwambia tena kitu, na siku mtoto atakapopewa dawa ya mti inayomharisha au kumlaza, utakuwa gizani. Mtoto mkubwa akitaka kufunga Ramadhani na wenzake wa skuli, liandikwe pia pamoja na walichokubaliana yeye, mzazi na daktari kuhusu saa za dawa.

Na makubaliano ya mwisho. Pumzi zikibadilika, tumpeleke hospitali au abaki nyumbani? Apandishwe boti kwenda Unguja tena, au safari zimetosha? Akisimama moyo, abonyezwe kifua au aachwe kwa amani? Haya huzungumzwa na daktari pamoja na familia, na mara nyingi huzungumzwa vizuri, kisha yanabaki vichwani mwa waliokuwepo. Yawe kwenye ukurasa wa mwanzo, yakiwa na tarehe, jina la aliyezungumza, waliohudhuria, na siku ya kuyarejea, maana watu hubadili mawazo na wana haki hiyo. Kisanduku cha ndiyo na hapana hapa ni hatari. Familia inaweza kukataa mashine ya kupumulia na ikataka dripu, au ikataka abaki nyumbani lakini si usiku. Aandikwe na sheikh au jamaa wa kuitwa, na kama mtoto ana analolitaka, liandikwe kwa maneno yake.

Mtoto wa Pemba hatibiwi pahala pamoja. Leo yuko kwenu, kesho hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja, mwezi ujao Muhimbili Dar es Salaam, kisha amerudi na bahasha ya kaki ambayo nusu ya karatasi zake zimebaki kwenye mkoba wa shangazi. Msitarajie programu za hospitali hizi zote ziongee leo wala kesho. Daini kitu kidogo kinachowezekana: kitufe kimoja kinachochapisha ukurasa mmoja wa safari, wenye maradhi, dawa na nguvu ya kila chupa, dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi, kipimo cha maumivu kinachomfaa, ile dalili aliyoisema mama, na makubaliano ya familia. Dozi ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Boti ikichelewa kuondoka, morfini ya saa sita inapita, na hakuna anayejua kama alipewa.

Nyumbani ndiko watoto hawa wanakokaa siku nyingi, na huko hakuna kishikwambi cha hospitali. Zanzibar tuna bahati ya mpango wa Jamii ni Afya, ambapo wahudumu wa kujitolea wanazunguka nyumba kwa nyumba na simu yenye programu, kwa ajili ya mama na watoto. Ulizeni kama mtoto wenu anaweza kuwekewa alama inayomfanya mhudumu apite mara nyingi zaidi na kupiga simu wodini akiona dalili mlizomtajia. Jina la maradhi si lazima aoneshwe. Mhudumu ni jirani, shehia ni ndogo, na mtoto mwenye virusi vya ukimwi au saratani ana haki ya kwenda madrasa bila ya kunyooshewa kidole.

Kwa mama mpeni daftari la skuli. Kweli, karatasi. Mchoreeni safu: saa, dawa, uso upi, choo, neno lolote. Asiyesoma atachora uso na vistari. Akija kliniki, muuguzi ayaingize ya maana kwenye faili. Msimwambie apige picha atume kwenye kundi la WhatsApp la wodi. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu limezoeleka: picha ya uvimbe wa jicho la mtoto, na jina lake, ndani ya simu za watu thelathini, simu ambazo watoto wetu wenyewe wanachezea. Hata kundi liwe la madaktari watupu.

Siri ndani ya hospitali nayo ina mlango wake, nao ni nywila. Nywila moja ya wodi nzima iliyobandikwa ukutani inafanya kila kilichoandikwa kiwe hakina mwandishi. Kila mtu awe na yake, na programu iweke kumbukumbu ya nani alifungua faili gani na saa ngapi. Muuguzi aliyefungua faili la mtoto wa jirani yake ambaye si mgonjwa wake ajue kwamba inaonekana.

Umeme na mtandao sitavisema sana, mnavijua. Waliokuwepo Unguja wanaikumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima miezi mitatu bila umeme wa gridi, na Pemba waya wa baharini kutoka Tanga ulifika mwaka huo huo wa 2010. Mwenye kuwauzia programu inayokufa mtandao ukikatika hajui anakouzia. Iandike ndani ya kifaa, kisha ipeleke mtandao ukirudi. Pawe na karatasi ya dharura yenye mpangilio ule ule wa kioo, na kila andiko liwe na saa mbili: saa jambo lilipotokea na saa lilipoingizwa. Bila ya hizo mbili, dozi ya saa nane iliyoingizwa saa kumi na mbili itamfanya mtu wa asubuhi acheleweshe inayofuata.

Jambo ambalo hakuna atakayelikumbuka mkutanoni msipolisema nyinyi ni siku mtoto atakapofariki. Programu inatuma ujumbe wa kliniki, inatuma wa chanjo, inatuma wa kuchukua dawa. Mama yuko kwenye hitma ya mwanawe, simu inalia, hospitali inamkumbusha amlete Jumatatu. Pawe na kitufe kimoja kinachosimamisha kila ujumbe kila pahala, na muuguzi yeyote wa zamu aruhusiwe kukibonyeza, isingoje afisi ifunguliwe. Kitufe hicho hicho kitoe haraka maelezo yanayohitajika kwa cheti na mazishi, maana maiti wetu hawalazwi. Lakini faili lisifungwe hapo. Libaki na nafasi ya kumpigia mama baada ya wiki chache, ya kurejesha morfini iliyobaki nyumbani, na kama mtoto alikuwa na seli mundu, ya kuwapima ndugu zake.

Mkienda mkutanoni nendeni na watoto watatu wa kweli, bila majina yao: mmoja asiyesema, mmoja wa morfini, mmoja ambaye familia imeamua abaki nyumbani. Waambieni mafundi wawaingize mbele yenu, kuanzia kupokelewa mpaka makabidhiano ya usiku, na nyinyi hesabuni dakika. Makosa ya ukurasa yatajionesha yenyewe, na hamtahitaji kubishana.

Kuhusu daftari la makabidhiano: msiliache siku ya kwanza. Litumieni sambamba na kompyuta, na kila asubuhi mtu mmoja aangalie ni kitu gani kimeandikwa daftarini ambacho hakimo kwenye kioo. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye ukurasa wenu, kipelekeni kwa mafundi kila wiki. Ikipita wiki nzima hakuna tofauti, acheni kuliandika, mliweke kwenye kabati lenye kufuli pamoja na faili za zamani, kwa kuwa nalo lina majina ya watoto.